Kibibi Aliyetazama Ukuta

Tilburg, 14 Septemba 1999

Baba Mdogo Gerlof,

Salamu zangu zikukute huko kisiwani ukiwa mzima, na goti lako liwe limepunguza kelele. Sisi tupo. Mama bado yuko kwenye nyumba ya wazee. Akiamka vizuri ananijua. Akiamka vibaya ananiita dada wa chakula na kunilaumu kwamba supu ya njegere imejaa maji. Siku hizo nazo supu huwa imejaa maji kweli. Evert anatishia kuhamia chumba cha juu kwa sababu ya taa ya korido, ambayo nimelala nayo ikiwaka tangu nipate akili. Namwambia alinioa mimi na taa yangu.

Sasa jambo lililonifanya nikae mezani. Wanataka kumweka Aaltje ndani ya safari yetu. Mkurugenzi mpya wa bustani ya michezo ya Heidebeek, Bi Floor Terwindt, ameagiza wanasesere sita wa Aaltje, mmoja kila chumba, wenye kope zinazopepesa. Nimepeleka pingamizi kwenye kamati ya urithi ya mkoa, na kikao kitakuwa tarehe 18 Januari. Nimeambatanisha ukurasa huu wa kitabu changu. Usome, uniambie kama kuna kosa:

“Safari hii ya gizani ilifunguliwa Mei 1958. Abiria huketi kwenye kigari chenye umbo la kiatu cha mti na kupitishwa katika vyumba sita vya hadithi ya Aaltje, msichana aliyetumwa kuomba moto kwa bibi wa kinamasi baada ya majiko yote ya kijiji kuzimika. Bibi yumo, vyura wamo, mbwa asiye na macho yumo. Aaltje hayumo. Wabunifu, wakiongozwa na Wybrand Roosenboom, walimwacha nje kwa makusudi, kwa sababu aliyekaa kwenye kigari ndiye Aaltje. Katika chumba cha sita, kibibi mwenye shali anautazama ukuta, na mgongoni mwake inang’aa mistari miwili myeupe.”

Hapo ndipo zinapoanza zile kurasa zangu kumi na moja juu ya kibibi.

Nimeshapigana na watu waliofupisha hadithi, waliozisafisha, waliotoa mbwa mwitu meno. Hawa ni wabaya zaidi. Hawa wanamtoa mtoto kwenye hadithi yake na kumkalisha pembeni awe mtazamaji. Nilikuwa na miaka sita, mtoto wa kwanza kupita mle, nimepakatwa na Baba. Sikumbuki chochote isipokuwa sentensi yake moja: “Aaltje hayupo, mwanangu. Aaltje ni wewe.” Kila nilichoandika tangu hapo kimetoka kwenye sentensi hiyo.

Mlikuwa wanne. Umebaki wewe. Niandikie ukurasa mmoja tu, wenye sahihi, kwamba hivyo ndivyo mlivyokusudia.

Wako,
Machteld


Gudhjem, 19 Oktoba 1999

Mwanangu Machteld,

Barua yako ilifika mapema. Aliyechelewa ni mimi. Goti halipigi kelele tena: limenyamaza na halikunji. Nimempakia rangi jirani yangu Ragnhild kwenye kibao kipya cha nyumba yake ya kukaushia samaki, nikamchora samaki wa buluu mwenye taji. Anasema amefanana na marehemu mumewe. Sijui kama ni sifa, ila nimepewa samaki kumi na wawili. Majina yenu yote nimeyanakili kwenye kalenda mpya ya siku za kuzaliwa na kuitundika chooni kama kawaida yetu Waholanzi. Ragnhild anauliza kwa nini ukoo wangu mzima naukalisha chooni.

Kuhusu ile safari, mimi si mtu wa kuulizwa. Baba yako alibuni. Kulikuwa na seremala, kulikuwa na fundi umeme, na mimi nilipaka rangi. Mpaka rangi hapangi nani awemo na nani asiwemo.

Kitabu chako nilikisoma uliponitumia. Kimeandikwa vizuri. Sikujua kwamba mistari miwili inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa hivyo.

Ukinisikiliza, waachie wanasesere wao. Na jina langu lisitajwe kwenye kikao.

Bado unalala na taa? Nilidhani uliacha ulipoolewa.

Gerlof


Tilburg, 27 Oktoba 1999

Baba Mdogo,

Nafurahi kwamba samaki wapo. Huku mvua haijakata siku tisa, Mama ana mafua, na Evert ameshahamisha mto wake.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta jibu. Umenipa goti, samaki na choo.

Juzi nilikwenda Heidebeek. Bi Terwindt ana miaka thelathini na minne, ana adabu, na alinipa kahawa na biskuti moja kabla hajafunga kopo. Akaniambia:

“Bi Roosenboom, kila siku kwenye dirisha letu la tiketi tunaulizwa swali lile lile: Aaltje yuko wapi?”

“Na mnajibu nini?”

“Tunawaambia, Aaltje ni wewe.”

“Halafu?”

“Halafu baba mzima mwenye ndevu na kaptula ya kuendeshea baiskeli ananiuliza, ‘Nani, mimi?’”

Nilicheka, na nilijichukia kwa kucheka. “Ndiyo, yeye,” nikasema. “Tena yeye hasa! Ni lini mara ya mwisho mtu alimwambia bwana huyo kwamba kijiji kizima kinamsubiri alete moto?”

“Dada, wewe huchoki?”

“Mdogo wangu, mimi hata jasho bado.”

Akakunja mikono. “Basi niletee karatasi. Mchoro, barua, chochote kinachoonyesha kwamba walikusudia. Maneno ya mtoto wa miaka sita, kamati haitayapokea.”

Hapo ana haki, na ndiyo maana nilirudi nyumbani nikafungua sanduku la Baba. Michoro yote sita imo. Mitano mizima. Wa sita, chumba cha moto, una tundu. Mtu amekata kipande kwa wembe, taratibu, kufuata mstari. Nimeuweka mchoro kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita kwenye tundu. Lina kichwa, mabega na sketi. Lina urefu wa kidole changu.

Nani alikuwa hapo, na nani alimkata?

Machteld


Tilburg, 6 Desemba 1999

Baba Mdogo,

Jana usiku tulipeana zawadi za Mtakatifu Nikolaasi kama kila mwaka. Hii hapa herufi yako ya chokoleti, G, ya maziwa kwa sababu ya meno yako. Mama alipewa yake akasema ni A. Ilikuwa H. Jina lake linaanza kwa H, lakini hatukubishana.

Wiki sita sasa. Kimya chako nimekisoma chote, na kinarudiarudia.

Kikao ni tarehe 18 Januari.

M.


Gudhjem, 19 Desemba 1999

Mwanangu,

Herufi ilifika imevunjika vipande vitatu. Nilianza na mkia. Ragnhild alipewa kilichobaki, akasema Waholanzi ni watu wa ajabu kula majina yao. Baridi ipo, theluji bado. Watu wa hapa wananunua maji ya chupa kwa sababu kompyuta zitakufa mwaka mpya. Mimi sina kompyuta, nimenunua mishumaa ili wasinicheke.

Mchoro nilikata mimi. Kipande ninacho.

Ungeniuliza kuhusu rangi ningekueleza siku nyingi, lakini wewe uliuliza kuhusu makusudio. Ndani ya ile safari hakuna mwanga wa kawaida. Kuna taa za zambarau, ambazo haziangazi kitu chochote isipokuwa rangi maalumu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Rangi hizo zilikuwa saba, na hakuna hata moja iliyokuwa ya ngozi ya mtu. Bibi wa kinamasi nilimpaka kijani, vyura njano, mbwa buluu. Kazi hiyo tuliifanya gizani, chini ya taa zile zile, kwa sababu ukipaka mchana utajidanganya. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu.

Aaltje alikuwepo. Alikuwa mmoja tu, chumba cha sita, juu ya kisahani kinachozunguka. Kigari kinakaribia, yeye anageuka na kukukabidhi moto. Huyo sikutaka awe kijani wala buluu. Nilimchukua nyumbani, nikamketisha dirishani, nikampaka uso kwa rangi ya mafuta ya kawaida. Majuma matatu. Sijawahi kupaka uso kama ule kabla wala baada. Aproni ilikuwa ya kitambaa, imefuliwa kwa sabuni ya unga, nayo sabuni ile ilikuwa na kitu ambacho taa za zambarau hukipenda mno. Hilo hatukulijua.

Siku mbili kabla ya ufunguzi tulifanya majaribio. Aaltje akageuka. Aproni iliwaka kama mwezi. Utepe wa nywele uliwaka. Katikati, pale penye uso, palikuwa na shimo.

Mtoto mmoja wa majaribio alilia.

Kisahani kilikuwa kimefungwa kwenye saruji, hatukuweza kumtoa bila kubomoa. Tulimgeuza akautazama ukuta, seremala akamtupia shali ya mkewe kichwani, tukakata waya wa mota. Kamba za aproni zilibaki zinaonekana kwa nyuma. Hiyo ndiyo mistari yako miwili.

Sasa unajua kwa nini sikutaka kuandika ukurasa wenye sahihi.

Heri ya mwaka mpya mapema.
Gerlof


Tilburg, 4 Januari 2000

Baba Mdogo,

Kompyuta hazikufa. Mama amepona mafua. Heri ya mwaka.

Kurasa kumi na moja! Nimeandika kwamba mistari ile ni njia mbili ambazo kila mtoto lazima achague. Profesa mmoja wa Leiden alinijibu kwamba si njia, ni miimo ya mlango. Tuligombana magazetini miezi miwili, na nilimshinda. Zilikuwa kamba za aproni.

Nilikaa siku nne nikikuchukia, siku ya tano nikaisoma barua upya na kuona ulivyoandika: “mtoto mmoja wa majaribio.” Wewe unaandika jina la kila mtu, hata la muuza samaki. Nikaenda kwa Mama. Ilikuwa siku nzuri.

“Mama, mimi nililia kwenye safari ya Aaltje? Kabla haijafunguliwa?”

“Wewe? Ulilia mpaka ukatapikia kofia ya mkurugenzi. Kofia mpya! Yule bwana aliipenda kofia yake kuliko mkewe.”

“Kwa nini hamkuniambia?”

“Tukuambie nini, kwamba ulitapika? Baba yako alikutuliza ukatulia. Aproni niliifua mimi. Supu hii imejaa maji.”

Kwa hiyo nakuuliza wazi, na sasa sikuulizi kuhusu makusudio. Alinituliza vipi?

Na uniambie nifanye nini. Nikisema ukweli, Bi Terwindt atasimama na kusema, “Mnaona? Aaltje alikuwepo tangu mwanzo, sisi tunarekebisha kosa la fundi.” Nikinyamaza, nitashinda kwa uongo, na hakuna anayeujua ila wewe na mimi. Nimewaita watu wengi waongo maishani mwangu, Baba Mdogo. Wengine kwa majina.

Machteld


Gudhjem, 11 Januari 2000

Machteld,

Natuma haraka, kwa hiyo salamu ni hizi tu: mzima, nanyi muwe wazima.

Ulikuwa umepakatwa na baba yako kwenye kigari cha kwanza. Mkurugenzi alikaa nyuma yenu. Mimi nilikuwa nimesimama chumba cha sita, nyuma ya jiko la karatasi, ili niione sura yako utakapomwona. Ulipomwona ulipiga kelele ambayo sijaisahau. Uliponikuta nje, nilinyoosha mikono nikubebe kama kawaida yetu, ukajificha nyuma ya koti la baba yako. Ulijificha hivyo kila niliponyoosha mikono, mpaka vuli nilipopata kazi huku.

Ulikuwa unamwambia baba yako, “Aaltje hana uso, Aaltje hana uso.” Akapiga magoti kwenye changarawe na suruali yake nzuri. Akasema, “Aaltje hayupo, mwanangu. Yule si Aaltje. Aaltje ni wewe, na uso wako huu hapa.” Akakushika mashavu. Ukanyamaza. Mkurugenzi, kofia mkononi, akasema, “Wybrand, maneno hayo yaandikwe mlangoni.” Yaliandikwa.

Hayakuwa ya kubuni safari. Yalikuwa ya kukunyamazisha wewe. Ni yako, sema au usiseme.

Kipande cha mchoro kimo humu. Kigeuze uone nyuma.

G.


Tilburg, 22 Januari 2000

Baba Mdogo mpendwa,

Sisi wazima, Mama mzima. Evert amerudisha mto wake, kwa sababu nitakazokueleza ana kwa ana.

Kipande kimeingia kwenye tundu la mchoro bila kubaki nafasi hata ya unywele. Nyuma umeandika kwa penseli: “Uso: wa Machteld.”

Kikao kilianza asubuhi, palepale Heidebeek, bustani ikiwa imefungwa kwa majira ya baridi. Wajumbe tisa, mwenyekiti ni meya mstaafu mwenye tumbo la heshima. Nilisimama nikawasomea barua zako mbili, zote, hadi kofia. Sikuruka kitu. Profesa wa Leiden alikuwemo ukumbini, alifurahi kama mtoto wa shule.

Bi Terwindt akasimama, na hakuwa mbaya, naomba uelewe hivyo. “Kwa hiyo Aaltje alikuwepo,” akasema. “Wajumbe, sisi tunakamilisha kile ambacho wao walikosa siku mbili tu kukikamilisha.”

Nikamwuliza, “Bustani hufungwa miezi mingapi kwa mwaka?”

“Mitano.”

“Rangi saba zilikuwepo?”

“Zilikuwepo.”

“Basi walikuwa na miezi mitano baada ya msimu wa kwanza. Mafundi watatu walibaki, rangi zile zile. Wangeweza kumpaka uso wa kijani, wa buluu, wowote! Hawakumgeuza. Mwaka uliofuata hawakumgeuza. Miaka arobaini na moja hawakumgeuza, kwa sababu kila siku walisimama mlangoni wakasikia watoto wanatoka wakisema, ‘Mimi ndiye niliyeleta moto.’ Siku ya kwanza lilikuwa kosa, nakubali, na aliyekosa ni baba yangu mdogo. Baada ya majira ya baridi ya kwanza, lilikuwa uamuzi.”

Mwenyekiti akasema kabla ya kura angependa kumwona. Tukaingia sote, mafundi wakawasha taa za kazi, wakatoa shali, wakafungua kisahani kwa nyundo, maana kilikuwa kimeshika kutu. Wakamgeuza.

Kisha wakazima taa za kazi na kuwasha za zambarau. Niliomba niketi kwenye kigari. Niliketi peke yangu. Shimo lako bado lipo, Baba Mdogo, na aproni ya Mama bado inawaka kama mwezi. Sikupiga kelele. Nyuma yangu mjumbe mmoja alipiga. Mwenyekiti alitoka nje akaomba maji.

Kura tano kwa nne. Hakuna kitakachoongezwa. Aaltje amerudishwa kuutazama ukuta, na shali yake. Bi Terwindt alinipa mkono na kusema wale wanasesere wake sita sasa atawaweka kwenye mgahawa. Nikamwambia huko wanafaa sana.

Kurasa kumi na moja nimezifuta. Nitaandika upya, na jina lako litakuwemo, upende usipende.

Safari inafunguliwa Mei. Njoo.

Wako,
Machteld


Gudhjem, 3 Februari 2000

Mwanangu Machteld,

Salamu kwa Evert na mto wake. Salamu kwa mama yako, mwambie sabuni yake imetuzidi sote akili. Ragnhild anasema nikienda Mei atanifungia samaki wa njiani. Goti linasema nisiende. Nitaenda.

Lipo jambo moja nimetaka kuuliza tangu 1958, na mtu wa kumwuliza hakuwepo, kwa sababu ulipomwona ulipiga kelele, na baada ya hapo tulimgeuza, na hakuna aliyemtazama tena.

Unasema waliwasha kwanza taa za kazi. Ulimwona basi usoni, kwenye mwanga wa kawaida.

Alifanana?

Gerlof


Tilburg, 8 Februari 2000

Baba Mdogo,

Wote wazima.

Masikio si yangu. Hayo umenisingizia. Mengine yote ni mimi.

Machteld